Kijana wa Globe na Haki ya Wakili

Sisi tuliokulia Marekani tumezoea kusikia kwenye sinema kwamba mshtakiwa ana haki ya wakili. Kwa watoto, haki hiyo ni ya juzi tu.

Tarehe 8 Juni 1964, mjini Globe, Arizona, polisi walimkamata Gerald Gault, mwenye miaka 15, kwa madai ya kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi walikuwa kazini. Hawakuachiwa hata kikaratasi. Mlalamikaji hakufika mahakamani, maelezo ya shauri hayakuandikwa, wakili hakuwepo. Hukumu: shule ya maadilisho, pengine mpaka atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini isiyozidi dola 50, au kufungwa miezi miwili tu! Na sheria ya Arizona haikumpa mtoto nafasi ya kukata rufaa.

Mahakama za watoto, zilizoanzia Chicago mwaka 1899, zilijiona kama mzazi. Na mzazi habishani na wakili. Nia ilikuwa njema, lakini kwa maoni yetu ndiyo iliyomponza Gerald. Wazazi wake walimpata wakili Amelia Lewis, na tarehe 15 Mei 1967 Mahakama ya Juu ikaamua: mtoto anayeweza kufungiwa ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili, kunyamaza, na kuwahoji mashahidi.

Rekodi ni suala jingine. Majumbani kwetu wengi huamini kwamba ukifika miaka 18 inajifuta yenyewe. Katika majimbo mengi ni lazima uombe mahakamani ifutwe, na wadogo zetu wanaomba kazi na vyuo sasa hivi.