Bibi Mary Leakey na Majivu ya Kale

Msomaji ukaaye Thika au Ruiru, bila shaka umeona malori yaliyosheheni mawe ya kujengea yakitoka katika machimbo ya Juja na Ndarugu. Mengi ya mawe hayo zamani yalikuwa majivu. Volkano ziliyarusha, yakatua, yakagandamana hata yakawa jiwe. Sisi huuliza bei yake tu, tukapita. Lakini majivu ya namna hiyo pengine huhifadhi habari za kale, na mmoja wa waliozisoma kwa uvumilivu mkubwa ni mwanamke, Bibi Mary Leakey.

Alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji. Shule hakupatana nayo. Alifukuzwa katika shule za watawa, wala hakupata kusomea shahada. (Nakuonya usifanye jambo hili kuwa udhuru wako.) Kilichomfungulia njia ni kalamu yake. Alichora zana za mawe kwa usahihi hata Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, akamwomba achore picha za kitabu chake. Walioana mwaka 1936. Mwaka uliofuata Mary alikuwa akichimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru. Na mwaka 1948, kisiwani Rusinga, alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya masokwe aliyeishi miaka kama 18,000,000 iliyopita.

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Tanganyika, Louis alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary akatoka na mbwa wake. Akaona mfupa umechomoza ardhini, akapangusa udongo, na tazama, meno makubwa bado yamo tayani! Fuvu lilikuwa limevunjika vipande mamia. Vilichekechwa na kuunganishwa kimoja kimoja. Lilipewa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu, na umri wake ulipimwa kuwa miaka kama 1,750,000. Wataalamu wa leo hawamhesabu kiumbe huyo kuwa babu yetu, bali ndugu wa ukoo uliokatika. Hata hivyo, taarifa iliyochapwa mwaka ule katika jarida la Nature ilitoka kwa jina la Louis peke yake, na sifa nyingi zikamwendea yeye.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary akaendelea, na kwa maoni yangu kazi yake iliyo kuu ilikuwa bado mbele. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua ikayalowesha, wanyama wakayakanyaga, yakakauka kama saruji. Mwaka 1978 Paul Abell aliona humo alama ya kisigino kama cha mtu. Ndibo Mbuika, mchimbaji wa siku nyingi katika kundi la Mary, akatumwa kuchimba, akafunua nyayo nyingine. Wachimbaji wa namna yake, Wakikuyu na Wakamba wengi miongoni mwao, majina yao hayasomwi mara nyingi madarasani. Hili moja ulishike.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Nyayo zile zimefukiwa tena, mizizi na mvua zisiziharibu. Zina umri wa miaka kama 3,600,000. Zaonyesha viumbe wawili au watatu, wakienda kwa miguu miwili, wameelekea kaskazini.