Chachu ya Urwagwa na Seli Zinazojila

Kabeza, mtaa wa Kigali ulio karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe, leo hunywa bia ya chupa. Bia hiyo ni ngeni kwa kiasi: kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957, zama za utawala wa Ubelgiji. Pombe za wenyeji ni za kale zaidi, ikigage ya mtama na urwagwa ya ndizi, na posa isiyo na pombe haikuhesabika kuwa posa.

Kutengeneza urwagwa, ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa hadi ziive, zikamenywa na kukandwa pamoja na nyasi ili maji yake yatoke. Maji huchujwa na kutiwa katika umuvure, hori lililochongwa kwenye gogo. Unga wa mtama uliokaangwa huongezwa, hori likafunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku moja hadi tatu sukari imekwisha kuwa kileo, kazi ya hamira za mwituni, hasa Saccharomyces cerevisiae. Watengeneza pombe wa Rwanda walizitumikisha vizazi vingi bila kuziona.

Mtengeneza pombe huishia hapo na kumwaga mashapo. Hamira bado ina kazi. Chakula kinapopungua, hasa naitrojeni, utando mwembamba huchipuka ndani ya seli, ukazingira protini zilizochakaa au hata mitokondria nzima, kisha ukajifunga kuwa kifuko. Kifuko huungana na vakuoli, ambamo vimeng'enya huvunjavunja shehena yake. Asidi amino zinazopatikana hujenga protini mpya, na seli huvuka njaa. Huku kujila si kuoza: seli iliyokufa ndiyo hupasuka, na bia iliyokaa mno juu ya mashapo huharibika ladha kwa sababu hiyo.

Mbelgiji Christian de Duve aliyaita mambo haya autofajia mwaka 1963, kutokana na seli za wanyama, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua jeni zinazoyaendesha. Jibu lilitoka kwenye hamira. Yoshinori Ohsumi, aliyefungua maabara yake Tokyo mwaka 1988, alizinyima naitrojeni hamira zisizo na vimeng'enya vya kumeng'enya. Ndani ya saa chache vifuko vilirundikana katika vakuoli, vikionekana kwa hadubini ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Miki Tsukada wakatangaza makundi 15 ya jeni husika. Nyingi zina ndugu zake katika mwili wa binadamu. Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.