Msiba wa Rafiki Usiyepata Kumwona

Juma lililopita kijana mmoja alisimama mbele ya mkubwa wake wa kazi akaomba ruhusa ya siku moja, kwa kuwa amefiwa. Akaulizwa, aliyefariki ni nani, mzazi? La. Ndugu? La. Jirani? La. Ni rafiki yake wa miaka 6, mtu wa Mwanza, ambaye walifahamiana kwa kuandikiana kwenye simu katika kundi la wapenzi wa drafti. Umepata kumwona kwa macho? Hajapata. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na ruhusa hakupewa. Msikilizaji aliyenisimulia kisa hiki alikuwa miongoni mwa waliocheka, na sasa anataka nimweleze kama ni intaneti iliyotuletea wazimu huu wa kumlilia mtu usiyemjua.

Ndugu msomaji, intaneti imeyakuta mambo haya. Mwaka 1876 mtunzi wa muziki wa Urusi, Pyotr Tchaikovsky, alianza kuandikiana na mjane tajiri aliyeitwa Nadezhda von Meck. Wakakubaliana wasionane. Kwa muda wa miaka 14 wakaandikiana barua zaidi ya 1,200, na hata magari yao ya farasi yalipopishana kwa bahati njiani mwaka 1879, walipita bila kusemezana neno. Pamoja na hayo, Simfoni yake ya Nne Tchaikovsky alimtunukia mama huyo kama rafiki yake mkubwa kuliko wote. Nani atasema hawakujuana?

Na sisi watu wa redio tunao wa kwetu. Nazungumzia wale wanaofunga mitambo ya redio majumbani mwao si kwa mshahara bali kwa mapenzi, wakawasiliana na wenzao wa ng'ambo. Waliotumia alama za Morse walimtambua mwenzao kwa mkono wake, yaani namna anavyozigonga zile nukta na vistari, kama wewe unavyomtambua jirani kwa kikohozi chake. Wakishazungumza, hupelekeana kadi kwa posta kuwa ushahidi. Mmoja wao akifariki hawasemi amekufa. Husema kibonyezo chake kimenyamaza. Jarida la chama chao cha Marekani, QST, lililoanza mwaka 1915, kwa miongo mingi limechapisha majina ya hao walionyamaza. Waliona mapema kwamba mtu wa mbali hasikii kilio wala haoni turubai likifungwa, basi ni lazima awepo wa kumpasha habari.

Hilo ndilo lililofanywa na baba mmoja wa Norwei. Mwanawe, Mats Steen, aliyezaliwa mwaka 1989, alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, vidole vikisogea kwa shida, na muda wake mwingi akiutumia katika mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, ambamo watu wa nchi nyingi hukutana na kuzungumza kwa maandishi. Humo jina lake lilikuwa Ibelin. Wazazi walisikitika wakidhani mtoto wao anamaliza siku zake peke yake, bila rafiki.

Mats alifariki Novemba 18, 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Baba yake, Robert, akaingia katika ukurasa wa mtandao ambamo kijana alizoea kuandika habari zake, akatangaza kifo, akaacha na anwani yake. Barua zikamiminika. Huyu anasema Ibelin alimliwaza alipokata tamaa, na yule, mama wa mtoto mgumu wa kuzungumza, anasema Ibelin ndiye aliyemfundisha njia ya kusema na mwanawe. Siku ya maziko jijini Oslo, baadhi ya rafiki hao walisafiri kutoka nchi nyingine wakasimama pamoja na jamaa. Mwaka 2024 habari hii ilitolewa filamu. Huku kwetu simu ya marehemu huzimwa ikatiwa kabatini pamoja na kitambulisho chake, na neno la siri amekwenda nalo kaburini.

Nami sina mdomo wa kuwalaumu waliocheka. Nilipoanza kazi, nikiwa mwanagenzi, nilipewa kusoma kadi za salamu. Kwa wasiokumbuka, ulinunua kadi, ukajaza jina lako na majina ya unaowasalimu, ukaitia posta, kisha ukakaa karibu na redio. Walikuwapo waliosalimiana hivyo miaka 10 bila kuonana. Mmoja alikuwa mzee wa Kasulu, aliyependa kuandika kwa wino wa kijani. Kadi zake zikakoma. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua ya binti yake: baba amefariki, na katika sanduku lake tumekuta kadi na barua za watu wa Tanga, wa Mombasa, hadi Bujumbura, hatuwajui watu hawa, tafadhali watangazieni.

Nikaipeleka kwa mkubwa wangu. Akasema tangazo la kifo hulipiwa, tena kipindi cha salamu ni cha furaha. Ningeweza kubishana, lakini sikubishana. Barua nikaitia katika mtoto wa meza.

Kadi za rafiki zake ziliendelea kuja. Juma hadi juma jina la mzee limo katika majina ya wanaosalimiwa, nami, nikijua nilijualo, nikalisoma: salamu zimfikie mzee wetu wa Kasulu, popote alipo. Wa Tanga mmoja aliongeza chini ya kadi yake swali, mbona mzee yuko kimya, wamemkosea nini. Hilo nalo nililisoma.