Tauni ya Kiziba, Mnyauko wa Muleba

Mwaka 1897 daktari wa Kijerumani aliyeitwa Zupitza alitumwa Kiziba, nchi ya migomba iliyo kaskazini mwa Bukoba, jirani na Uganda. Kulikuwa na habari za maradhi yaliyoua watu kwa siku chache: homa kali, kisha matezi yaliyovimba kinenani na kwapani. Wenyeji waliyaita rubwunga, nao waliyafahamu kuliko serikali mpya ambayo boma lake pale Bukoba halikuwa limetimiza hata miaka kumi. Walijua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu watafuata. Kwa hiyo panya wakifa, familia ilihama.

Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam, kwa Robert Koch, mtaalamu wa bakteria, ambaye alikuwa ametoka India kuchunguza tauni ya Bombay. Koch alimtambua bakteria yuleyule ambaye Alexandre Yersin alimgundua Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898, akihutubia Berlin, aliitaja Kiziba miongoni mwa vitovu vya kudumu vya tauni duniani. Hivyo ndivyo vijiji vya Buhaya, nchi ya Wahaya, vilivyoingia katika vitabu vya tiba.

Hadubini ya Koch ilimwonyesha bakteria, lakini haikumwonyesha anavyoua. Mwili una seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi na kuwaangamiza. Bakteria wa tauni huziweka seli hizo katika hali ya kutojiweza, kana kwamba zimepooza. Anafanyaje? Jibu lilichukua karibu miaka mia moja.

Ili kulielewa, tuanze na jambo ambalo bakteria wote wanalo, wabaya na wema. Kila bakteria hutengeneza protini zake ndani ya mwili wake, lakini nyingi kati ya hizo zina kazi nje: kumeng'enya chakula, kujenga ukuta, kujishikiza mahali. Protini ni kubwa mno kupenya utando wenyewe bila msaada, kwa hiyo kila bakteria ana milango maalumu ya kuzipitisha. Wataalamu wamezipanga njia hizo kwa namba: aina ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Kuwa na njia ya kutoa protini, basi, si dalili ya uadui. Ni sharti la kuishi.

Aina ya tatu ndiyo iliyofumbua fumbo la tauni. Katika maabara ilionekana kwamba jamii ya Yersinia, ambamo yumo bakteria wa tauni, ikiwekwa kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, na kunyimwa kalisi, humwaga nje protini kwa wingi. Zikapewa jina la Yop. Kwa muda ilidhaniwa kwamba zinamwagwa tu na kuelea. Mwaka 1994 kundi la Hans Wolf-Watz nchini Sweden na lile la Guy Cornelis nchini Ubelgiji yalionyesha tofauti: bakteria hugusa seli ya kinga, kisha hupitisha protini hizo moja kwa moja hadi ndani yake. Huko ndani, moja huvuruga nyuzi zinazoipa seli umbo na uwezo wa kumeza, na nyingine hukata mawasiliano ambayo yangepiga mbiu ya hatari. Mwaka 1998 kundi la Jorge Galán nchini Marekani lilichapisha picha za chombo chenyewe, zilizotokana na bakteria wa Salmonella: kitako kilichozama katika tando mbili za bakteria, na juu yake mrija mwembamba uliosimama kama sindano.

Watafiti wa mimea walikuwa wamefika hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1986 Lindgren, Peet na Panopoulos, wakichunguza bakteria anayeshambulia maharage, walipata fungu la vinasaba ambalo likiharibiwa, bakteria hawezi tena kuuambukiza mmea ugonjwa wala kuamsha kinga ya mimea mingine. Baadaye ilibainika kwamba vinasaba hivyo vinajenga sindano ya ukoo uleule na ya tauni. Hata baadhi ya protini zinazopitishwa ni jamaa: familia ya YopJ iko kwa bakteria wa tauni, na iko pia kwa Xanthomonas wanaoshambulia nyanya na pilipili.

Jina hilo, Xanthomonas, lilibisha hodi mkoani Kagera, iliko Kiziba, mwaka 2006. Safari yake ilikuwa ndefu. Ugonjwa wake, mnyauko, ulielezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea wa chakula unaofanana na mgomba. Mwaka 1974 ukaripotiwa kwenye migomba ya huko. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, wilayani Mukono, na mwaka huohuo Masisi, mashariki mwa Kongo. Kisha ukafika Rwanda, na halafu wilaya ya Muleba, huko Kagera.

Mkulima huona kwanza jani likigeuka njano na kulegea kama lililomwagiwa maji ya moto. Ua dume hukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati, bila mpangilio katika mkungu, na ukiikata moja unakuta nyama yake ina madoa ya kahawia. Kata shina lenyewe, usubiri dakika chache: ute mzito wa manjano mpauko hujitokeza kwenye jeraha. Ute huo umejaa bakteria. Panga lililokata hapo, likikata mgomba wa jirani bila kusafishwa, limeshapeleka ugonjwa.

Kwa Wahaya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ni chakula, ni heshima, na ni mahali wanapozikwa wazee. Hata Kibeta, ndani ya Manispaa ya Bukoba, nyumba na migomba vimeishi pamoja. Kuambiwa ung'oe shina zima, na machipukizi yake yote, uzike au uache vioze, ulikuwa mzigo mkubwa.

Mwaka 2010 David Studholme na wenzake walichapisha rasimu ya jenomu ya bakteria huyu kutoka Uganda, wakamlinganisha na ndugu yake wa karibu sana aliyetoka kwenye muwa, ambaye hawezi kuuambukiza mgomba ugonjwa. Wawili hao walikuwa na orodha za protini za kushambulia zinazolingana kwa sehemu na kutofautiana kwa sehemu. Aliye hatari kwa mmea mmoja anaweza asiwe na madhara kwa mwingine.

Mifano ya wema iko pia. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde hulisha mmea naitrojeni, na baadhi yao hutumia sindano ya aina ya tatu katika kukubaliwa na mmea. Ndani ya mbung'o anaishi bakteria aitwaye Sodalis, na mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba hutumia sindano hiyo kuingia katika seli za mdudu huyo bila kumwangamiza. Hata mkia wa kuogelea, walio nao bakteria wengi wasiodhuru mtu, hujengwa kwa mtambo wa ukoo huohuo; uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba sindano ilitokana na mkia. Kwa hiyo chombo hakitoshi kumhukumu bakteria. Kinachoamua ni protini anazopitisha, na anampitishia nani.

Elimu hii imeanza kuzaa mbinu. Nchini Uganda, Leena Tripathi na wenzake wamejaribu migomba iliyopewa vinasaba vya pilipili hoho vinavyoiamsha kinga ya mmea mapema. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba bakteria hafiki katika machipukizi yote ya shina moja, na hilo limempunguzia mkulima mzigo: anaweza kukata mgomba mgonjwa peke yake usawa wa ardhi, mara tu anapouona, na kuokoa mengine.

Mgomba ulioambukizwa bado hauna dawa. Kinga iliyopo ni kuliunguza panga motoni au kulisafisha kwa jiki, kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasilete maambukizi, na kutopanda machipukizi usiyoyajua yalikotoka. Watu wa Kiziba waliohama panya walipokufa hawakujua lolote kuhusu sindano, lakini walishika kanuni hiyohiyo: sindano haidhuru seli isiyoigusa, kwa hiyo mzuie bakteria kabla hajaifikia. Nawaheshimu kwa hilo, na naamini kila afisa ugani anayekwenda kijijini angeanza vyema kwa kuwauliza wenye vibanja wameshaona nini.