Takrima: pilau iliyopewa jina la heshima

Mwaka 1965 mgombea ubunge wa Tanganyika hakuwa na nafasi ya kumwaga fedha zake. TANU, chama pekee, iliteua watu wawili karibu kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja, kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama. Matokeo yaliwashtua wakubwa: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa na wapiga kura wa Mwanza.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kila mgombea akabeba kampeni yake, na mifuko ikafunguka. Sufuria za pilau zikainjikwa nyuma ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi. Akina mama wakagawiwa doti za kanga, vijana fulana na kofia, wazee wakaachiwa "ya soda" ndani ya kiganja wakati wa kuagana.

Mwaka 2000 Bunge likaibariki hali hiyo. Sheria ya Uchaguzi iliongezewa vifungu vilivyosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukifanywa kwa nia njema, hauhesabiwi kuwa rushwa. Ndiyo takrima.

Jadi gani hiyo? Kijijini mwenyeji ndiye anayemchinjia mgeni kuku. Hapa mgeni anashuka kwenye gari na mchele wake, analisha wenyeji, na siku chache baadaye anawaomba kura. Mila iligeuzwa kichwa chini miguu juu, na aliyeumia ni mwalimu au mkulima aliyegombea akiwa na sera tu.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wawili walikwenda mahakamani. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo: vilimbagua mgombea maskini, vilimnyima mpiga kura uhuru wa kuchagua, na mpaka kati ya takrima na hongo haukuonekana.

Machi 2010 Rais Kikwete alisaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka ukomo wa matumizi hadi kwa madiwani. Kuwagusa madiwani kulikuwa na maana kubwa. Jimbo zima ni gharama kulilisha, lakini kata ina vijiji au mitaa michache, mabalozi wanajulikana kwa majina, na kura za kumwangusha mtu huweza kutoka kwenye uchochoro mmoja uliokula pilau usiku wa kuamkia uchaguzi.