Hati za Makubaliano ya Kifamilia na Haki ya Binti katika Sheria ya Mirathi ya Kihindu

Utangulizi

Nchini India, magomvi mengi ya ndugu kuhusu mali ya urithi humalizwa nyumbani, mbele ya wazee, bila kufikishwa mahakamani. Makala haya yanafuatilia historia ya makubaliano hayo ya kifamilia. Hoja yake ni kwamba sheria ilijishughulisha mno na swali la iwapo makubaliano yaliandikwa au yalitamkwa tu, ilhali swali zito zaidi lilikuwa ni nani aliyehesabiwa kuwa na haki ya kushiriki kikao hicho.

Chimbuko la haki

Mirathi ya Kihindu ilijengwa juu ya mikondo miwili mikuu. Mitakshara, ufafanuzi wa Vijnaneshwara ulioandikwa takriban miaka 900 iliyopita, ulimpa mwana wa kiume fungu katika mali ya mababu tangu kuzaliwa kwake. Dayabhaga ya Jimutavahana, iliyofuatwa Bengal, ilishikilia kwamba mtoto hana haki mpaka baba afariki. Mwaka 1772 mpango wa Warren Hastings uliagiza kwamba mirathi ya Wahindu iamuliwe kwa sheria yao, na mwaka 1810 Colebrooke akachapisha tafsiri ya Kiingereza ya matini hizo mbili. Kwa njia hiyo, mijadala ya wanazuoni ikageuka kuwa kanuni za mahakama. Chini ya Mitakshara, binti hakuwa miongoni mwa wabia wa mali ya ukoo.

Kutoka neno la mdomo hadi hati

Sheria ya Usajili ya mwaka 1908 ilitaka hati inayoanzisha au kufuta haki katika mali isiyohamishika yenye thamani ya rupia 100 au zaidi isajiliwe. Hata hivyo, katika shauri la Kale la mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya India ilieleza kwamba makubaliano ya kifamilia yaliyofanywa kwa nia njema na kwa hiari yanaweza kuwa ya mdomo. Kumbukumbu iliyoandikwa baadaye ili kueleza yaliyokwisha kuafikiwa haikuhitaji kusajiliwa. Hati iliyoanzisha haki yenyewe ndiyo iliyohitaji. Mahakama ilithamini amani ya familia kuliko ukamilifu wa karatasi.

Msimamo huo ulikuwa na busara, lakini ulikuwa na pengo. Makubaliano ya mdomo hutegemea kumbukumbu za waliokuwapo. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 ilimfanya binti kuwa mrithi wa baba aliyefariki bila wosia, lakini iliacha ubia wa Mitakshara mikononi mwa wanaume. Aidha, binti hakuweza kudai mgawanyo wa nyumba ya familia mpaka warithi wa kiume waamue kugawana.

Mageuzi ya mwaka 2005

Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 9 Septemba 2005 yalimfanya binti kuwa mbia kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake, na kuondoa kizuizi kuhusu nyumba. Migawanyo iliyofanyika kabla ya tarehe 20 Desemba 2004 ilihifadhiwa, mradi iwe kwa hati iliyosajiliwa au kwa amri ya mahakama. Bunge lilihofia kwamba kaka wangedai mali iligawanywa zamani kwa mdomo. Mwaka 2020, katika shauri la Vineeta Sharma, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki ya binti haitegemei baba kuwa hai siku sheria ilipoanza, na kwamba dai la mgawanyo wa mdomo litakubaliwa kwa nadra tu, likithibitishwa na nyaraka za umma.

Hata hivyo, usajili hautibu kila dhuluma. Katika desturi ya haq tyag huko Rajasthan, dada huachilia fungu lake kwa kaka zake, mara nyingi kwa hofu ya kupoteza mapokezi katika nyumba aliyozaliwa. Hati ya aina hiyo huweza kusajiliwa na kuwa halali kabisa.

Hitimisho

Usajili humlinda binti dhidi ya kumbukumbu za kubuni, lakini haumlindi dhidi ya sahihi iliyotolewa kwa shinikizo la jamaa. Watunga sera wanaoimarisha masharti ya hati wanapaswa pia kuhakikisha kwamba anayeachilia haki anaelezwa thamani ya fungu lake, faraghani na katika lugha anayoielewa, kabla ya kutia sahihi.