Furaha ya Waliobaki: Noeli katika Historia ya Sharika za Dar es Salaam

Utangulizi

Kila mwaka, ifikapo juma la tatu la mwezi wa Desemba, wakazi wa Dar es Salaam hugawanyika katika makundi mawili: wanaoondoka na wanaobaki. Mabasi yaendayo Moshi, Arusha, Bukoba, Mbeya na Njombe hujaa watu na mizigo. Zamani yaliondokea Ubungo. Tangu mwaka 2021 kituo chao kikuu ni Mbezi Luis. Ndugu zetu Wachaga hutaniwa kwamba wanakwenda kwao "kuhesabiwa". Siku za Noeli zinapofika, katika sharika nyingi za mjini mabenchi huonekana wazi, na kwaya huimba ikiwa na upungufu wa sauti.

Lakini Buguruni haihami. Katika nyumba za vyumba sita au vinane, ambamo kila chumba kina familia yake, hubaki msukuma mkokoteni ambaye nauli imempita uwezo, mama lishe anayeogopa kupoteza wateja wa siku mbili, mlinzi wa usiku asiye na likizo, na mjane ambaye kijijini hana tena mtu wa kumpokea. Swali linalomkabili mchungaji wa mtaa wa namna hiyo ni zito. Je, atawahubiria hawa furaha gani? Kama furaha ya Noeli ni safari, nguo mpya na meza iliyojaa, basi hao wamekwisha kunyimwa kabla kengele haijapigwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Kanisa letu katika jiji hili ina jibu. Furaha ya Noeli iliyodumu hapa ilitunzwa kwa sehemu kubwa na watu waliobaki: walioachwa, walionyang'anywa, wasiokuwa na pa kwenda. Na jambo hilo linaafikiana na Injili yenyewe.

Wale wa makondeni

Tuanze na Luka 2. Amri ya Kaisari Augusto iliwatoa watu majumbani mwao, kila mmoja akaenda mjini kwao kuandikwa. Utani wetu wa kuhesabiwa umegusa maandiko kuliko watani wanavyodhani. Bethlehemu ilijaa wasafiri hata nafasi ikakosekana. Hata hivyo habari ya furaha haikupelekwa kwanza kwa wasafiri hao. Ilipelekwa makondeni, kwa watu ambao usiku ule walikuwa kazini, kwa sababu kondoo hawana sikukuu. Wao hawakuwa katika msafara wa mtu yeyote. Walikuwa wamebaki.

Lugha yetu imetupa neno moja kwa wale wa makondeni na kwa sisi tunaovaa kanzu za huduma: wachungaji. Si vema jina hilo litupite bila kutuuliza kitu. Malaika aliwatangazia furaha watu wa zamu ya usiku, tena akasema kwamba furaha hiyo ni ya watu wote. Upana wa habari ulianzia mahali palipo pembamba. Aliyeanza kwa mlinzi wa usiku hakumwacha nje mtu yeyote; angalianza ikulu, mlinzi angaliendelea kuuliza kama na yeye amo.

Dakta Martin Luther alilielewa jambo hili akiwa yeye mwenyewe katika hali ya kubaki. Kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522 alifichwa katika ngome ya Wartburg, huku akitangazwa kuwa mhalifu mbele ya dola. Noeli ya mwaka 1521 ilimkuta huko, mbali na usharika wake wa Wittenberg. Ni katika maficho hayo alipoandika hotuba za Noeli zilizochapishwa mwaka 1522 ili wahubiri wengine wazitumie. Mkazo wake katika kuihubiri habari ya Luka ni kwamba haitoshi kuamini kuwa Kristo alizaliwa. Imani hushika neno lisemalo kuwa amezaliwa *kwa ajili yenu*. Hapo ndipo furaha hupata mzizi. Furaha isiyo na "kwa ajili yenu" ni furaha ya mtazamaji aliyesimama dirishani kwa jirani.

Usharika ulioachwa

Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, ametumwa na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka uliotangulia. Mwanzo haukuwa wa amani. Mapema mwaka 1889, wakati wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, kituo cha Dar es Salaam kilishambuliwa, na kile cha Wabenediktini huko Pugu kikateketezwa. Baadaye kazi ilienea Uzaramo, Kisarawe na Maneromango, na mwishoni mwa karne kanisa lenye mnara na vigae vyekundu likaanza kujengwa ufukoni, lile tunaloliita Azania Front. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwamo waliowahi kuwa watumwa, watu ambao swali la "kwenu ni wapi?" liliwatia uchungu kuliko wengine. Wao hawakuwa na kijiji cha kurudi mwezi wa Desemba.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wamekwisha kuondolewa nchini. Ni katikati ya miaka ya 1920 tu ndipo walipoanza kuruhusiwa kurudi. Mtu angaliweza kutabiri kwamba Kanisa lililojengwa kwa fedha na mikono ya Wajerumani lingekufa pamoja na kuondoka kwao. Halikufa. Waalimu na wazee wa hapa walibaki nalo.

Kati yao jina la Martin Nganisya halipaswi kusahauliwa na mwanafunzi wa theolojia wa Tanzania. Alikuwa mwalimu, mtu aliyewahi kuonja utumwa, na katika miaka ile ya upweke ndiye aliyekuwa kiongozi wa Walutheri wa Dar es Salaam na Uzaramo. Baadaye alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Karl Roehl katika tafsiri ya Biblia, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Tafsiri ile ilijitahidi kutumia maneno ya asili ya Kibantu kila ilipowezekana. Hivyo mtu aliyelilinda kundi katika miaka ya kuachwa alishiriki pia kulipa kundi hilo Neno katika lugha yake.

Tuitafakari Noeli ya mwaka 1918. Vita vilikuwa vimekwisha mwezi mmoja uliopita, jeshi la von Lettow-Vorbeck liliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba. Lakini homa ya mafua iliyozunguka dunia ilikuwa imeingia nchini na kuua maelfu kwa maelfu. Njaa ilikuwa katika sehemu nyingi. Hapakuwa na mmisionari, fedha kutoka Ulaya, wala hakika ya kesho. Waliokusanyika kumshukuru Mungu kwa kuzaliwa kwa Mwanawe hawakuwa na sababu yoyote ya kufurahi ila ile moja. Na usharika ambao furaha yake imebakiwa na sababu moja tu hujua kwa hakika imesimama juu ya nini.

Kariakoo na majina yasiyoandikwa

Atokaye Buguruni kwenda mjini kwa Barabara ya Uhuru hupita Ilala na kufika Kariakoo. Wengi hununua nguo za Noeli hapo, na wachache hukumbuka jina hilo limetoka wapi. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi, *Carrier Corps*, ambao Waingereza waliwaweka mahali pale baada ya kuuteka mji. Waafrika waliobebeshwa mizigo katika vita vile, upande huu na ule, walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927, inawakumbuka kwa pamoja na askari. Majina yao hayamo.

Ni jambo la kutafakariwa na mhubiri kwamba soko kuu la shamrashamra zetu limeitwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo ya wengine. Nabii Isaya, katika sura ya 9 tunayoisoma usiku wa Noeli, haelezi furaha ya watu bila kutaja nira ya mzigo wao na gongo la mabegani mwao. Furaha ya kibiblia huanza kwa kuvunjwa kwa nira, ndipo hufuata kugawana mavuno. Sisi mara nyingi tumeanza na mavuno, na wenye nira tumewaambia wangoje nje.

Soko nalo si mwamba. Jengo la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja katika eneo hilo liliporomoka na kuua watu waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Hatusemi haya ili kuwahukumu wafanyabiashara. Wengi wao ni washarika wetu. Twasema tu kwamba aliyeiweka furaha yake yote sokoni ameiweka mahali panapoweza kuungua.

Desemba 2011

Tarehe 20 Desemba 2011, siku chache baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika, mvua ilianza kunyesha Dar es Salaam kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Bonde la Msimbazi, lililo jirani na Buguruni, lilijaa maji. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Maelfu walihifadhiwa katika madarasa ya shule, na baadaye familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao.

Siku ya tano baada ya mvua kuanza ilikuwa Jumapili, nayo ilikuwa Noeli. Wahubiri wa jiji walipanda mimbarani kuwaambia watu kwamba leo amezaliwa Mwokozi, na miongoni mwa wakazi wa jiji hilo walikuwapo wasiokuwa na godoro wala sufuria. Mtoto mchanga aliyelazwa horini kwa kukosa nafasi hakuhitaji maelezo marefu kwa mzazi aliyelaza mwanawe juu ya dawati.

Kalenda ya Kanisa ilikuwa imetuandaa kwa siku kama hiyo, laiti tungeisikiliza. Tarehe 26 Desemba humkumbuka Stefano aliyepigwa mawe. Tarehe 28 huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Mababa hawakusahau kwamba ni siku za furaha. Waliziweka humo kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba furaha hii imeandikiwa wasiolia tu.

Raha, shangwe na furaha

Kiswahili hutofautisha mambo matatu. *Raha* ni starehe ya mwili na utulivu. Huja na kivuli na chakula, huondoka navyo. *Shangwe* ni sauti ya wengi. Huhitaji ngoma na umati. *Furaha* yaweza kukaa na mtu aliye peke yake, tena akiwa kimya. Buguruni ina shule ya watoto viziwi. Kama Noeli ni shangwe ya kwaya na vipaza sauti tu, watoto hao hawana fungu. Lakini kama Noeli ni habari kwamba Mungu ameshika mwili wa kibinadamu, habari hiyo yaweza kusemwa kwa mikono, nayo ikaeleweka yote.

Raha na shangwe si dhambi, wala safari ya kwenda kuwaona wazazi si dhambi; ni kuitii amri ya nne. Kosa ni kuziita kwa jina la furaha, kisha zikiisha mwezi Januari, wakati kodi ya nyumba na sare za shule vinapodai, mkristo akadhani kwamba Kristo naye ameondoka. Bwana wetu, katika Yohana 16, aliwaahidi wanafunzi furaha ambayo hakuna awezaye kuwaondolea, na ahadi hiyo aliitoa usiku wa kukamatwa kwake.

Hata hivyo lazima tujihadhari. Mafundisho haya yakiwa midomoni mwa walioshiba yaweza kuwa njia ya kuwanyamazisha maskini, kwamba wawe na furaha ya rohoni, wengine wawe na nyama. Injili haisemi hivyo. Wimbo wa Mariamu katika Luka 1 unawashibisha wenye njaa kabla Noeli haijafika. Furaha idumuyo humpa mtu nguvu ya kuamka, kumtafutia jirani sufuria, na kuuliza kwa nini mabondeni ndiko maskini walikoachiwa kuishi.

Hitimisho

Ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, yapo mambo matatu tuwezayo kuyafanya. Kwanza, tusifupishe ibada za tarehe 26 na Jumapili inayofuata kwa sababu eti watu wamesafiri. Waliopo ndio usharika. Pili, hotuba ya Noeli iandaliwe ikimwangalia aliyebaki. Msafiri akiisikia naye atapata sehemu yake, maana hakuna msafiri asiyebaki mahali fulani siku moja. Tatu, sehemu ya sadaka ya Noeli itengwe kwa ajili ya Januari ya jirani, hata asiyekuwa wa imani yetu. Katika mtaa kama Buguruni, ambako Waislamu na Wakristo huchota maji bomba moja, ishara hiyo itasomwa na wengi.

Wachungaji wa Bethlehemu walirudi wakimtukuza Mungu. Luka hasemi kwamba kondoo walipungua au kwamba usiku ulikuwa mfupi. Walirudi kwenye zamu ileile, wakiwa na kitu ambacho Kaisari hakukiandika katika daftari lake. Akina Nganisya walikilinda kitu hicho jijini mwetu katika miaka ambayo hawakuwa na kingine. Sasa kimo mikononi mwetu, na aliyebaki Buguruni anakingoja.